Wanafunzi wa uchumi wafundishwe kuusema uchumi kwa Kiswahili

Kila ifikapo mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha hupigwa picha mbele ya jengo la Hazina akiwa ameuinua mkoba wake, kisha huelekea Bungeni kuisoma bajeti. Jioni ya siku hiyo runinga zetu hujaa wataalamu. Wengi wao ni vijana waliohitimu shahada ya kwanza ya uchumi katika vyuo vikuu vyetu, na hapana shaka kwamba wanalijua wanalolizungumzia. Hata hivyo, mtangazaji wa taarifa ya habari ya Kiswahili anapowaomba wamfafanulie mtazamaji yaliyosomwa, jambo la kusikitisha hutokea. Viunganishi huwa vya Kiswahili na yaliyosalia yote huwa ya Kiingereza. Mtazamaji huambulia "kwa sababu", "lakini" na "kwa hivyo". Kile kilichokuwa sababu, na kile kilichofuatia, hakimfikii.

Nitangulize kusema kwamba mimi si mwanauchumi. Riziki yangu huipata kwa kufundisha isimu, na uhusiano wangu na wanafunzi wa uchumi umetokana na kozi ile ya stadi za mawasiliano ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulazimika kuisoma, apende asipende. Ni wanafunzi wazuri. Aghalabu ni miongoni mwa wale waliofanya vyema katika somo la hisabati katika mtihani wa kidato cha nne, na hawachelewi kuiona hitilafu katika hoja ya mhadhiri. Ni kwa kuwaheshimu ndipo ninaposema kwamba shahada wanayopewa ina pengo lisilozibwa na kalkulasi wala takwimu: katika miaka yote minne, haiwadai hata siku moja waseme kwa Kiswahili walichojifunza. Nami nashikilia kwamba pengo hili halimdhuru mwananchi peke yake. Humdhuru mwanafunzi mwenyewe, kwani humwacha akidhani amelielewa jambo ilhali amelikariri jina lake tu.

Hebu tuitazame shahada yenyewe. Kwanza mwanafunzi hufundishwa matawi mawili makuu: lile linalochunguza uamuzi wa mnunuzi mmoja na kampuni moja, na lile linalochunguza pato, bei na ajira za taifa zima. Baadaye huongezewa hisabati na takwimu, kisha ekonometriki, yaani mbinu za kuzipima nadharia kwa takwimu zilizokusanywa. Katika mwaka wa mwisho hufanya utafiti wake mdogo. Mpangilio huu haukubuniwa Nairobi wala Eldoret. Ni urithi wa vitabu. Paul Samuelson wa Marekani alipochapisha kitabu chake cha kiada mwaka 1948, aliweka kiolezo ambacho vitabu vingi vimekifuata tangu hapo, kikiwemo kile cha Gregory Mankiw kilichotoka takriban miaka hamsini baadaye. Katika kitabu cha Mankiw, mwanafunzi huonyeshwa jinsi soko linavyofanya kazi kwa mfano wa aiskrimu. Sina ugomvi na aiskrimu. Lakini mwanafunzi aliyelelewa mahali ambapo mahindi hupimwa kwa gorogoro, na ambapo mafuta ya kupikia hununuliwa ya kutosha chajio cha siku hiyo tu, anao mfano ulio karibu zaidi na wenye mafunzo mengi zaidi.

Wala si sisi tu tunaolalamika. Mwaka 2000 wanafunzi wa uchumi nchini Ufaransa walitoa waraka wa kupinga mafunzo yaliyozama katika hisabati na kuupa kisogo ulimwengu wa kweli. Mnamo Novemba 2011, wanafunzi kadhaa wa Harvard walitoka nje ya darasa la huyo huyo Mankiw. Wenzao wa Manchester waliunda chama cha kudai mtaala mpana zaidi baada ya msukosuko wa fedha wa 2008. Malalamiko hayo yalihusu nadharia zilizoachwa nje ya mtaala, na yana uzito wake. Letu ni jingine. Mwanafunzi wa Paris alilalamika kwa Kifaransa juu ya uchumi aliofundishwa kwa Kifaransa. Mama yake, kama angetaka, angeweza kumwuliza kunani.

Nichukue mfano wa neno ambalo mwanafunzi wa uchumi hukutana nalo katika wiki za mwanzo kabisa. Kiingereza huliita "demand". Sisi tumelifasiri kuwa "mahitaji", na mwenzake, "supply", tukamwita "ugavi". Fasiri hizi zimekubalika na zimo vitabuni. Zitazameni basi kwa jicho la isimu. Mahitaji yametokana na kuhitaji, na anayehitaji ni yule aliyepungukiwa na kitu asichoweza kukaa bila hicho. Ugavi umetokana na kugawa, sauti "w" ikageuka "v" mbele ya "i" kama ilivyo katika lewa na mlevi. Na anayegawa ni yule anayempa kila mtu fungu lake. Mwambie ajuza wa kijijini kwamba bei huamuliwa na mahitaji na ugavi, naye atadhani unamsimulia habari za nyumba ambamo mama anapakua ugali na kumpa kila mtoto kwa kadiri ya njaa yake.

Sasa mwulize mwanauchumi. Atakwambia kwamba katika fani yake mtu asiye na pesa hana "demand", hata awe anakata roho kwa njaa. Kinachohesabiwa ni kutaka kunakoambatana na uwezo wa kulipa. Ugavi nao si fungu la mtu. Ni kiasi ambacho muuzaji yu radhi kukitoa kwa bei fulani, na bei isipomridhisha atakifungia ghalani. Maneno yetu mawili ni ya nyumbani, nayo nadharia ni ya sokoni. Je, tuseme basi kwamba fasiri zetu ni mbovu na tuzitupilie mbali? La hasha. Mimi naona kwamba ubovu huo ndio manufaa yake, kwa kuwa Kiswahili kimekifichua kile ambacho Kiingereza kilikuwa kimekifunika. Mwanafunzi anayelisoma neno la Kiingereza hulipita bila kujikwaa. Anayelazimika kulisema kwa Kiswahili hujikwaa, na kujikwaa huko ndiko kufikiri.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Amartya Sen, aliyesomea shahada yake ya kwanza ya uchumi mjini Kolkata kabla ya kwenda Cambridge, alikuwa mtoto wa miaka tisa wakati njaa ya Bengal ilipozuka mwaka 1943. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 3 walikufa kwa njaa hiyo na maradhi yaliyoandamana nayo. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1981, Sen alionyesha kwamba chakula kilichokuwako Bengal hakikuwa kimepungua kwa kiasi cha kueleza vifo vyote hivyo. Bei zilikuwa zimepaa na ujira wa vibarua wa mashambani ukaachwa nyuma. Katika kitabu hicho hicho alichunguza pia njaa iliyowapata jirani zetu wa Ethiopia katika mkoa wa Wollo mwaka 1973. Huko watu walikufa ilhali bei za vyakula hazikupanda sana, na chakula kingine kilikuwa kikisafirishwa kutoka Wollo kwenda kuuzwa kwingine! Wenye njaa hawakuwa na pesa. Mahitaji yao yalikuwa makubwa kupita kiasi, nayo "demand" yao ilikuwa karibu na sufuri.

Nimewahi kuwapa wanafunzi wangu zoezi la kuifafanua dhana hiyo kwa Kiswahili sanifu, pasipo mchoro na pasipo neno hata moja la kigeni. Nilidhani litachukua dakika kumi. Lilimaliza saa nzima. Mmoja alipendekeza "hamu yenye pesa", wengine wakamcheka. Mwingine akataka tuseme "utashi", akaulizwa kama mtu mwenye utashi wa gari naye anahesabiwa. Kisha kijana mmoja kutoka kaskazini mwa nchi, ambaye hakuwa mzungumzaji, akasema kwamba kwao wakati wa ukame kila mfugaji hukimbilia sokoni kuuza mbuzi kabla hawajafa. Kwa hivyo, kadiri watu wanavyozidi kuhitaji chakula ndivyo kile walicho nacho cha kununulia chakula kinavyozidi kukosa thamani. Alikuwa hajapata kulisikia jina la Sen. Alikuwa ameifikia sehemu muhimu ya hoja yake kwa sababu aliulizwa swali kwa lugha ambayo mambo ya kwao yangeweza kuingia ndani yake.

Kuna mahali pengine ambapo lugha humponza mwanauchumi wetu bila yeye kujua, napo ni katika utafiti wenyewe. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira na mapato nchini Kenya, na ripoti hiyo ndiyo iliyoivumisha duniani dhana ya sekta isiyo rasmi. Jina hilo la kitaalamu humtaja fundi kwa kile asichokuwa nacho, yaani urasmi. Mafundi wenyewe walikuja kujulikana kwa kile kilichokuwa juu ya vichwa vyao, jua kali, na jina hilo likapata nguvu hata likaingia katika nyaraka za serikali. Leo takwimu za taifa zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira zetu, ukiondoa wakulima wadogo, zimo katika sekta hiyo. Si ajabu basi kwamba wanafunzi wengi wa mwaka wa nne huichagua kwa utafiti wao.

Lakini tazama wanavyoufanya. Hojaji huandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa msimamizi ataisoma kwa Kiingereza. Mwanafunzi huichukua hadi Gikomba au Kamukunji, na papo hapo, akiwa amesimama kando ya tanuri, huifasiri kichwani. Penye swali la kipato cha mwezi humwuliza fundi, "Mapato yako ni kiasi gani?" Fundi mmoja hutaja pesa zote zilizopita mikononi mwake. Jirani yake, aliyeulizwa na mwanafunzi mwingine, ameulizwa, "Unabaki na ngapi?", naye hutaja faida. Wa tatu huulizwa "mshahara", akacheka, akajibu kwamba hajaajiriwa na mtu. Majibu haya matatu huingizwa katika safu moja ya jedwali, kisha hufanyiwa hesabu za ekonometriki zinazostahili pongezi kwa ustadi wake. Hakuna hesabu iwezayo kuyarekebisha. Kosa lilitendeka kando ya tanuri, na lilikuwa kosa la fasiri. Kama chuo kingemdai mwanafunzi huyo aandike maswali yake kwa Kiswahili kabla ya kutoka chuoni, na mtu mmoja ayasome, safu ile ingekuwa na maana.

Baada ya kuhitimu, wengi wao huajiriwa na serikali za kaunti. Hapo tena nina ushahidi wa macho yangu. Miaka michache iliyopita nilihudhuria kikao cha kuwashirikisha wananchi katika mipango ya fedha ya kaunti moja ambayo sitaitaja. Mwanauchumi kijana, nadhifu, mwenye adabu, aliwaamkia wazee kwa heshima, akawasha mitambo yake na kuwaonyesha jedwali moja baada ya jingine. Yote yalikuwa ya Kiingereza. Alipofika kwenye madeni ya kaunti ambayo hayajalipwa, aliyataja kwa jina lake la kiofisi, akasoma jumla yake na kupita. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi mbele yangu, nadhani mwalimu mstaafu, alimwinamia mama wa makamo aliyekuwa kando yake na kumnong'onezea. Mama huyo aliinuka papo hapo. Kumbe alikuwa ameiuzia hospitali moja ya kaunti maziwa kwa miezi kadhaa, na mwaka wa pili ulikuwa unakwisha hajalipwa. Jedwali lile lilikuwa likimzungumzia yeye! Akauliza, "Mwanangu, hizo pesa unazosoma hapo, zangu zimo?"

Yule kijana hakuwa na nia mbaya. Alitafuta maneno. Mwishowe alimjibu kwa Kiingereza, akamwomba mzee afasiri. Nilimhurumia kwa dhati, kwa kuwa alikuwa amefaulu katika kila mtihani aliopewa, na huu hakuwahi kupewa. Katiba yetu ya 2010 inaagiza katika kifungu cha 201 kwamba umma ushirikishwe katika masuala ya fedha, na katika kifungu cha 7 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Vifungu hivyo viwili vinakutana katika kikao kama kile, na anayepaswa kuvikutanisha ni mhitimu wa shahada ya kwanza ya uchumi.

Desturi hii ya kuitenga fedha na Kiswahili ina historia ndefu. Mwaka 1965 serikali ilipotoa Waraka wa Bunge Nambari 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, uliosimamiwa na Tom Mboya, mwanauchumi mmoja Mkenya aliyesomea Hawaii na Harvard aliukosoa vikali katika jarida la East Africa Journal mwezi Julai mwaka huo huo. Huyo alikuwa Barack Obama, baba yake Rais wa 44 wa Marekani. Mjadala ulikuwa wa maana sana: nani amiliki nini, na wenye nacho watozwe kiasi gani. Ulifanyika kwa Kiingereza, kati ya wasomi wachache. Na hata Mzee Kenyatta alipoamuru mwaka 1974 kwamba Kiswahili kitumike Bungeni, miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza.

Ng'ambo ya mpaka, Azimio la Arusha lilitolewa Februari 1967 kwa Kiswahili. Mwalimu Nyerere, ambaye naye uchumi ulikuwa miongoni mwa masomo yake huko Edinburgh, alilazimika kutafuta neno ambalo mkulima angeweza kulishika, kulipinga au kulifanyia mzaha. Sisemi kwamba sera zilizofuata zilifanikiwa. Shida za Tanzania katika miaka ya 1970 na 1980 zinajulikana na kila mtu. Ninachosema ni kwamba mkulima wa huko alipobishana na sera hizo, alibishana nazo kwa maneno yale yale zilizotangaziwa.

Turudi kwetu na nyakati zetu. Sheria ya ushuru wa ziada ya thamani, huu tunaouita VAT, ina aina mbili za bidhaa ambazo mnunuzi huambiwa kwamba hazitozwi. Aina ya kwanza ni zile zinazotozwa kwa kiwango cha sufuri. Ya pili ni zile zilizosamehewa. Masikioni ni mamoja, mfukoni si mamoja. Mtengenezaji akinunua malighafi ya shilingi 100, hulipa shilingi 16 zaidi za VAT. Ikiwa bidhaa anayoiuza ni ya kiwango cha sufuri, anaweza kudai arudishiwe zile 16. Ikiwa imesamehewa, harudishiwi kitu, naye atazitia katika bei. Hivyo basi serikali yaweza kuihamisha bidhaa kutoka orodha ya kwanza hadi ya pili, ikatangaza kwa macho makavu kwamba haijatoza ushuru mpya, na bei ikapanda. Mswada wa Fedha wa 2025 ulipendekeza bidhaa kadhaa zihamishwe namna hiyo, zikiwemo malighafi za kutengenezea vyakula vya mifugo. Ni wafugaji wangapi wa kuku walioambiwa tofauti ya maneno hayo mawili? Mwanafunzi wa kozi ya fedha za umma huijua tangu mwaka wa tatu.

Mswada wa mwaka uliotangulia, ule wa 2024, haukuhitaji darubini. Ulitaka mkate wa kawaida utozwe asilimia 16, na magari yatozwe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Kilichofuata hakuna Mkenya aliyekisahau. Mapendekezo hayo mawili yaliondolewa tarehe 18 Juni, lakini maandamano hayakukoma. Wabunge waliupitisha mswada tarehe 25 Juni, waandamanaji wakaingia Bungeni, na makumi ya watu, wengi wao vijana, walipoteza maisha katika maandamano ya majuma hayo. Kesho yake Rais Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi.

Katika siku hizo vijana waliufasiri mswada kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha zao za kwanza, wakazieneza fasiri hizo katika mitandao. Baadhi yao walikuwa wanafunzi niliokuwa nimewafundisha, tena wa uchumi. Fasiri nyingine zilikuwa na kasoro na nyingine zilitiwa chumvi. Nyingi zilikuwa safi kuliko nilivyotarajia. Kumbe waliweza! Hakuna mhadhiri aliyewapa alama kwa kazi hiyo, na hakuna aliyewasahihishia palipokuwa na kosa. Taifa lilipohitaji uchumi uelezwe, waliofanya kazi hiyo waliifanya usiku, kwa vifurushi vyao wenyewe vya simu, nje kabisa ya shahada yao.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwanza kwamba Kiswahili hakina istilahi za uchumi. Hoja hii tuliisikia sana sisi wanaisimu. Palikuwa na wakati ambapo kufundisha fonolojia na sintaksia kwa Kiswahili kulionekana kuwa kichekesho. Wenzetu wa Dar es Salaam wakatoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha mwaka 1990, wahadhiri wakaendelea kufundisha, kubishana na kubadilishana maneno, na leo tasnifu za uzamifu huandikwa kwa Kiswahili katika vyuo vyetu bila mtu kushangaa. Istilahi huja kwa kutumiwa. Isitoshe, uchumi una akiba kubwa kuliko tuliyokuwa nayo sisi: riba, rehani, dhamana, nakisi, faida, hasara, mtaji, ulanguzi. Waswahili walikuwa wakifanya biashara na Uarabuni na Bara Hindi karne nyingi kabla ya Samuelson kuzaliwa. Neno uchumi lenyewe limetokana na kuchuma, na kila mtoto wa shule amesikia kwamba mchumia juani hulia kivulini.

Nitaambiwa pia kwamba Kiingereza ndiyo lugha ya vitabu na ya ajira. Nakubali, na sijapendekeza kiondolewe. Anayetaka kuisoma ripoti ya Benki ya Dunia na aisome. Nitaambiwa kwamba mwanakijiji wa Kisii au wa Siaya ana lugha yake, na Kiswahili si chake. Hili nalo lina ukweli, ila nimegundua kwamba aliyekwisha kulitoa wazo katika Kiingereza na kulitia katika Kiswahili hapati taabu kubwa kulipeleka hatua moja zaidi hadi Kigusii au Dholuo.

Hoja iliyo nzito zaidi hutolewa kwa sauti ya chini, katika vyumba vya chai vya wahadhiri. Madarasa yamefurika. Mhadhiri mmoja ana mamia ya karatasi za kusahihisha, na baadhi ya wanaofundisha hulipwa kwa kila kozi, tena kwa kuchelewa. Nani atakubali kuongezewa mzigo? Hilo silipuuzi, na ndiyo sababu pendekezo langu ni dogo. Sitaki idara mpya wala tume. Nataka kila mwanafunzi wa mwaka wa nne aambatishe kwenye ripoti yake ya utafiti kurasa mbili za Kiswahili zinazosema alichouliza, alichokipata na kinachofuata kwayo. Hojaji yake nayo iandikwe kwa lugha atakayoitumia kuhoji. Kurasa hizo zisomwe na mhadhiri mmoja wa uchumi na mmoja wa Kiswahili, zipewe alama chache, kisha nakala irudishwe kwa wale waliohojiwa: fundi wa Kamukunji, mama wa maziwa, mfugaji wa kuku. Seneti ya chuo yaweza kulipitisha jambo hili katika kikao kimoja. Kurasa mbili za kila mwanafunzi, kwa miaka mitano, katika vyuo vitatu au vinne tu, zitawapa watunga kamusi maneno yaliyokwisha kujaribiwa na watu halisi, badala ya orodha iliyobuniwa ofisini.

Nimelipeleka wazo hili kwa mwenzangu wa uchumi ambaye huketi naye chai. Amekubali tuanze muhula ujao na mwaka wa kwanza, kwa neno "mahitaji". Neno la kuelezea jinsi ununuzi wa bidhaa unavyopanda au kushuka bei inapobadilika amesema tuliahirishe, kwa kuwa lile lililomfaa, "mnyumbuliko", sisi wanaisimu tumekwisha kulitumia kwa vitenzi, naye hataki kuazima.